Nyumba Yenye Bendera

Bendera ilihamia nyumbani kwetu masika moja, ofisi ya kijiji ilipoanguka. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa udongo. Ulikunywa mvua mpaka ukashindwa kusimama, ukalala chini pamoja na nusu ya mabati. Mume wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mafaili, muhuri na meza ya ofisi vilihitaji pa kukaa, vikakaa barazani kwetu. Na palipo na ofisi ya serikali sharti pawe na bendera. Wanaume wakaleta mti mrefu wa mkoko kutoka delta ya mto, wakauchimbia mbele ya nyumba karibu na mlimao, wakafunga kamba. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa yetu peke yetu.

Sisemi kwamba nilichukia. Nilifurahi. Kijiji chetu, ukitoka Kibiti mjini, unaiacha lami ya kwenda Lindi unaingia kushoto, unafuata njia ya mchanga katikati ya mikorosho. Zamani mgeni wangu ilibidi aelekezwe sana: pita msikiti, pita kisima, uliza kwa mwalimu. Baada ya bendera ilitosha kumwambia dereva wa bodaboda, "Nishushe penye bendera." Watoto wetu wakiulizwa wanakaa wapi walijibu hivyohivyo, kwa maringo.

Mume wangu aliipenda kazi hiyo ndogo ya asubuhi na jioni kuliko vikao vyote. Akirudi kusali Alfajiri anaipandisha. Saa kumi na mbili jioni anaishusha, anaidaka kabla haijagusa mchanga, anaikunja mkunjo mmoja juu ya mwingine kama mtu anayekunja nguo ya mtoto aliyelala. Waliokuwa wanapita na baiskeli walisimama. Wanawake waliotoka kisimani walitua ndoo zao wakangoja. Hakuna aliyewalazimisha. Mtu pekee ambaye hakusimama alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuwa akikaa nasi. Yeye alibaki kwenye mkeka wake anachambua mchele.

"Mama, simama kidogo," mwanawe alimtania.

"Miguu yangu haina serikali," alijibu. "Ina baridi yabisi."

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la nne, na katika somo la uraia kulikuwa na mada ya alama za taifa. Kila mwaka nilichora bendera ubaoni kwa chaki za rangi, na watoto waliimba baada yangu: kijani ni ardhi na mimea, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Waliipenda zaidi buluu, kwa sababu mto tulikuwa nao. Nikishamaliza yaliyomo kitabuni, niliwaongezea historia. Niliwaambia kwamba Tanganyika ilipopata Uhuru bendera yake haikuwa na buluu. Ilikuwa na mistari iliyolala, kijani, dhahabu, nyeusi, dhahabu, kijani. Zanzibar baada ya mapinduzi ilikuwa na yake, buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Nchi zilipoungana mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na nne, rangi za pande zote mbili ziliwekwa kwenye kitambaa kimoja, na mistari ikalazwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe.

"Kwa nini imelazwa hivyo, mwalimu?" mtoto mmoja hakosi kuuliza.

Huwa nawajibu kwamba mimi naiona hivi: mistari ikilala kuna wa juu na wa chini, lakini ikipita mshazari kila rangi inafika mahali ambapo nyingine imefika. Si jibu la kitabuni. Ni langu.

Nyumbani kwetu, aliyeziona bendera nyingine kwa macho yake ni mama mkwe. Alizaliwa Ngarambe, akakulia huko, na asili ya kwao ni vilima vya Umatumbi. Alipokuwa msichana aliiona ile ya Mwingereza yenye kichwa cha twiga. Siku ya Uhuru hakuiona ikishuka. "Tulilala na twiga, tukaamka na mistari," alikuwa akisema, kisha anacheka. Na ile yenye buluu ilipokuja alidhani fundi amekosea kushona, maana ilikuwa imekaa upande.

Niliyachukua maneno yake nikayapeleka darasani, na watoto wakacheka kama yeye. Tulikuwa bado tunacheka.

Hofu haikuingia kwa kishindo. Ilianza kama habari ya sokoni Kibiti, kwamba kiongozi wa kitongoji fulani, mbali na kwetu, ameuawa kwa risasi. Watu wakasema ni ugomvi wa mashamba. Kisha akauawa mwingine, mahali pengine. Watu wakasema labda ni visasi. Alipouawa wa tatu hawakusema kitu. Waliofanya hayo waliitwa watu wasiojulikana, na jina hilo likawa ndilo linalotajwa redioni, kwenye vibaraza, hata watoto wakicheza. Jioni zikabadilika. Pikipiki zikaambiwa zisitembee jua likizama. Wauza chipsi waliokuwa wakikaa stendi mpaka mabasi ya Mtwara yapite walifunga mapema. Ukisikia mlio wa pikipiki baada ya Magharibi, unanyamaza katikati ya neno.

Waliokuwa wanauawa, wengi wao walikuwa watu kama mume wangu, wenyeviti, watendaji, watu wa serikali za vijiji. Siku moja nilikwenda Kibiti kuchukua mitihani ya majaribio, na wakati wa kurudi, nikiwa nyuma ya bodaboda, niliona kitu ambacho asubuhi sikukitazama vizuri. Milingoti ilikuwa mitupu. Kwa viongozi niliowajua njia nzima, nyumba moja baada ya nyingine, mti umesimama na kamba yake lakini juu hakuna kitu. Kwingine hata mti wenyewe umeng'olewa na shimo limefukiwa mchanga mbichi.

Yule kijana wa bodaboda naye aliona ninavyotazama. "Wameshusha wote, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Imebaki ya kwako."

Hakusema ya kijiji. Alisema ya kwako.

Wiki ileile akauawa mwenyekiti wa kijiji jirani. Huyu hakuwa habari ya sokoni. Alikuwa rafiki ya mume wangu, walikuwa wakilima ufuta mashamba yanayopakana, na binti yake alikuwa mwanafunzi wangu, anayetembea kila siku kuja shuleni kwetu kwa kuwa shule yao haina walimu wa kutosha. Wauaji walipiga hodi kama wageni, jua likiwa linazama. Akatoka kuwapokea. Mkewe alikuwa jikoni anakuna nazi, akasikia mlio, akadhani ni tairi la pikipiki limepasuka.

Mume wangu alikwenda kuzika. Alirudi alasiri na vumbi la kaburi kwenye viatu, akakaa barazani bila kuvua kofia. Ilipofika saa kumi na mbili akainuka, akaenda kwenye mlingoti, akaishusha bendera taratibu kama kila siku. Barabarani hapakuwa na mtu wa kusimama. Nilimtazama nikiwa dirishani, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama wanavyoweza kumwona wengine: mtu mmoja, mwenye kanzu nyeupe, mahali palepale, saa ileile, ameipa barabara mgongo.

Alipoingia ndani sikuweza kungoja ale.

"Baba, usiipandishe kesho."

"Ni kazi yangu."

"Mwenzio umetoka kumzika leo. Naye ilikuwa kazi yake."

Akakaa chini. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, akaacha alichokuwa akikifanya.

"Nikiishusha," akasema mume wangu, "nimekiambia kijiji kizima kwamba hapa hakuna serikali. Watu wataondoka. Wameshaanza kuondoka. Nani atabaki na hawa ambao hawana pa kwenda?"

"Na ikibaki, mimi nimeambiwa nini? Nimeambiwa sina mume."

"Wewe ndiye unayewafundisha watoto kwamba ile nyeusi ni watu."

"Ndiyo, ni watu," nikasema, na sauti ilinipanda bila kutaka. "Si kitambaa. Nataka mtu, sitaki kitambaa."

Akamgeukia mama yake, kama wanaume wafanyavyo wakishindwa na wake zao. "Mama, nawe sema."

Mama mkwe aliusogeza ungo wa mchele pembeni. Kisha akatupa habari ambayo kwa miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kuisikia, na mwanawe pia hakuwahi kuisikia. Alisema babu wa mama yake alikuwa jumbe huko vilimani, enzi za Mdachi. Jumbe alipewa kitambaa cheusi, cheupe na chekundu akisimike mbele ya nyumba, watu wajue pa kupeleka kodi na wajue nani anaandika watu wa kwenda kulima pamba. Vita vya maji vilipoanza, wapiganaji walikuwa wanazitafuta nyumba zenye kitambaa hicho, wanazichoma.

"Sasa yeye alikishusha," akasema. "Akakifukia. Wale wakapita, wakaona mti mtupu, wakamwacha. Akashukuru Mungu. Mdachi aliporudi na askari wake, naye akaona mti mtupu. Akamwuliza, kitambaa changu kiko wapi? Wakamtundika palepale, kwenye mti uleule."

Mume wangu akamtazama. "Sasa unanishauri nini, mama?"

"Sikushauri kitu, mwanangu. Umeniambia niseme, n'shasema. Ukipandisha wapo wa kukuuliza, ukishusha wapo wa kukuuliza. Ndivyo tulivyosikia sisi."

Akaurudia mchele wake. Mimi nilimkasirikia. Nilitaka amwamuru mwanawe, maana mwanamume hata awe mwenyekiti wa wapi, mama akisema kwa ukali husikia. Hakumwamuru. Asubuhi bendera ikapanda.

Tukaishi hivyo, siku baada ya siku, kwa kubabaika. Tulikubaliana jambo dogo tu, kwamba aishushe alasiri, jua likiwa bado kali, na kwamba Magharibi asiwe uwanjani. Siku nyingine alitii, siku nyingine nilimkuta amesahau, au amejifanya kusahau. Watoto wetu niliwapeleka kwa dada yangu Ikwiriri. Majirani zetu wa upande wa kisima walifunga virago wakahamia Mbagala. Walikuja kuaga kisirisiri, wakituombea heri, lakini macho yao yalikuwa yanatuangalia kama sisi ndio tuliokwisha kuondoka.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa. Mume wangu alikuwa amekwenda bondeni kutazama mpunga na alikuwa hajarudi. Bendera ilikuwa bado juu. Nilikuwa nimeamua kuishusha mwenyewe, nimeshaanza kufungua kamba, niliposikia pikipiki. Ilitoka upande wa barabara kuu, haikuwa na haraka. Wanaume wawili. Walivaa makoti mazito, ingawa joto la siku lilikuwa bado halijatoka ardhini. Ikasimama kwenye mlimao. Aliyekaa nyuma akashuka.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," nikajibu. Kamba ilikuwa mkononi.

"Tumeambiwa tuje penye bendera. Ndipo hapa?"

Sikujibu, maana jibu lilikuwa linapepea juu ya kichwa changu.

"Tunamtaka mwenyekiti. Yupo?"

Nilifungua mdomo. Nataka niwe mkweli hapa: sijui ningesema nini. Labda ningesema hayupo, nao wangesema watamngoja, na yeye alikuwa njiani anakuja. Lakini sauti ilitoka barazani kabla yangu.

"Mwenyekiti tumemzika."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Yeye ambaye hakuwahi kusimama kwa bendera, ameshika nguzo ya baraza, ushungi umemwanguka mabegani, mvi zote nje.

"Mwanangu huyo," akasema. "Mwanangu wa pekee wa kiume. Tumemzika juzi. Huyu hapa ni mjane wake. Mnatutakia nini tena?"

Nikaangua kilio. Watu hunisifu nikiwasimulia, wanadhani nilifanya werevu. Haukuwa werevu. Nililia kwa sababu maneno yale yaliposemwa kwa sauti ya mama yake yaliingia masikioni mwangu kama kweli, kama taarifa niliyokuwa naingoja kwa muda mrefu.

Yule mtu akatazamana na mwenzake. Kisha akavua kofia. "Poleni sana," akasema. "Mungu awape subira." Akapanda pikipiki, wakageuza, wakaondoka kwa njia ileile waliyojia.

Mpaka leo hatujui walikuwa nani. Huenda walikuwa ni wale. Huenda walikuwa wanunuzi wa korosho, au askari waliovaa kiraia, au watu wenye shida ya kugongewa muhuri. Hakuna aliyerudi kutueleza.

Mume wangu aliingia kwa njia ya nyuma, matope mpaka magotini. Alitukuta tumekaa chini, mimi na mama yake. Nikamweleza. Nilitegemea atamkumbatia mama yake, au atashukuru. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza mama yake kwa sauti ndogo:

"Umenizika hai, mama?"

"Ndiyo," akasema mama mkwe.

Akatoka nje, akaishusha bendera. Aliikunja vizuri kama siku zote, akaniwekea mapajani, akaingia chumbani. Alfajiri akaondoka kupitia mashambani mpaka barabara ya lami, akapanda gari la Dar es Salaam, akaenda kukaa kwa dada yake Mbagala.

Kilio changu kilisikika njiani, na uongo wa mama mkwe ulitembea kuliko sisi. Kabla ya Jumapili simu zilikuwa zimeanza. Ndugu wa Nyamwage walipiga wakilia, wananiuliza kwa nini hatukuwaita maziko. Mzee mmoja wa Ikwiriri alituma mchele na kitenge cheusi. Wanawake wa kijijini walikuja na mikeka yao, wakaingia ndani wanapiga ukunga, na ilibidi nimvute mmoja mmoja jikoni nimnong'oneze, "Yu hai, dada, yu hai, lakini usiseme." Ni jambo gumu kumwomba mtu asiseme kwamba mumeo yu hai. Wengine hawakuniamini, walidhani huzuni imenipanda kichwani, wakanishika mkono wakaendelea kulia. Basi tukakaa matanga. Tukapika, tukasomewa hitima. Mama mkwe alikaa katikati ya wanawake, akapokea pole za kila mtu na uso mkavu, na bila kusikia minong'ono ya jikoni usingejua kwamba mwanawe yu hai. Mimi nilijua yanavyomchoma, maana hakula kitu. Alimsomea mwanawe dua za marehemu kwa ulimi wake mwenyewe.

"Mungu anisamehe," aliniambia wageni walipotoka. "Sasa akifa kweli nitasema nini?"

Shuleni mambo hayakuwa mepesi. Bendera ya shule mwalimu mkuu aliendelea kuipandisha, lakini aliacha kuwapanga watoto mstarini kuizunguka. Aliipandisha peke yake watoto wakiwa wameshaingia madarasani, kama mtu anayeanika nguo. Binti wa yule mwenyekiti aliyeuawa alirudi baada ya wiki kadhaa. Alikuwa amekonda, sketi imefungwa kwa pini. Na mada iliyofuata kwenye ratiba yangu ilikuwa alama za taifa. Nilifikiria kuiruka. Kisha nikaona kwamba nikiiruka kwa sababu yake, atajua.

Nikachora. Watoto wakaimba kama kawaida, kijani, dhahabu, nyeusi, buluu. Nilipowataka waulize maswali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile nyeusi ni watu wote?"

"Watu wote wa Tanzania."

"Na aliyekufa, bado yumo? Au anatolewa?"

Mvulana mmoja nyuma alicheka kwa wasiwasi, mwenzake akampiga kiwiko. Mimi nilishika meza. Kitabu hakina jibu la swali hilo. Nilimwambia yumo, hatolewi mtu. Akaitikia kwa kichwa, akainama kuchora. Aliikandamiza penseli nyeusi mpaka karatasi ikachanika pale katikati, akaomba karatasi nyingine, nikampa. Tulipotoka nilimkuta mwalimu mkuu ofisini, nikamwambia kichwa kinaniuma, nikarudi nyumbani nikalala mchana kweupe.

Hali ilitulia polepole, kama ilivyoanza. Askari walijaa, kisha wakapungua. Habari za vifo zikaacha kuja. Mume wangu alirudi baada ya zaidi ya mwaka. Siku aliyoshuka kwenye bodaboda, mwanamke mmoja wa mtaani aliyekuwa amelia matanga kwa dhati, wala hakuambiwa siri, alimwona, akadondosha ndoo ya maji akakimbia. Watu walicheka kwa wiki nzima. Mume wangu naye alicheka mbele yao. Ndani hakucheka.

Hakuwa yule aliyeondoka. Kijiji kilikuwa kimechagua mwenyekiti mwingine, na hilo hakulilalamikia. Lakini alikuwa hakai barazani. Magharibi alisali chumbani. Akimwamkia mama yake, alimwamkia kama anavyoamkiwa mkwe: shikamoo, umeamkaje, basi. Chakula alikula mezani, mama yake mkekani. Niliwahi kumwambia kwamba mama alimwokoa. Akaniambia, "Najua. Lakini kila nikimtazama nasikia lile neno. Mbagala kule nilikuwa naamka sijui kama ni mimi. Watu wananisomea hitima, nami nauza maji ya chupa kwenye foleni."

Bendera niliitunza sandukuni pamoja na kanga zangu. Ofisi mpya ilipojengwa kando ya njia, ya matofali ya kuchoma na mlingoti wa chuma, ilipewa bendera mpya. Niliuliza ile yetu niifanyeje, nikaambiwa iliyochakaa haitupwi wala haifanywi tambara, inarejeshwa serikalini. Nikaipeleka Kibiti mwenyewe, kwenye ofisi za wilaya. Afisa aliyeipokea alikuwa mgeni wa huku, kijana mwenye heshima. Aliikunjua mezani. Kijani ilikuwa imepauka, na kwenye ukingo wa dhahabu kulikuwa na doa la kutu ya sanduku.

"Imekaa sana hii," akasema. "Ilikuwa inapepea wapi, mama?"

"Nyumbani kwangu."

Akanitazama, akataka kuuliza, akaacha. Akaniambia asante kwa kuitunza. Nilipotoka pale nilisimama stendi kwa muda mrefu, mabasi yanapita, sijui nalia nini.

Mama mkwe aliugua masika yaliyopita. Miguu ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi. Mume wangu ndiye aliyembeba kumpeleka kituo cha afya, na ndiye aliyemrudisha waliposema tumtunze nyumbani. Alimwogesha miguu, alimnywesha uji kwa kijiko. Walikuwa hawasemi mengi. Asubuhi moja nikiwa uani nafua, niliwasikia kupitia dirishani.

"Mama," akasema, "siku ile. Hukuogopa kwamba Mungu atakuitikia?"

"Niliogopa," akasema. Akapumzika kwanza. "Niliogopa kila siku mpaka uliporudi. Mpaka sasa naogopa."

"Basi usiogope. Nipo."

"Uko wapi? Hukai hata barazani."

Nikasikia mume wangu analia, mwanamume mzima, kwa sauti. Sikuingia. Niliendelea kufua nguo iliyokwisha kutakata.

Tulimzika mama mkwe yeye mwenyewe, kwa haki, na safari hii waliokuja kulia walilia kwa kweli. Mume wangu aliingia kaburini kumpokea.

Siku hizi anakwenda msikitini Magharibi. Alianza baada ya arubaini ya mama yake, bila kuniambia. Njia yake inapita mbele ya ofisi mpya, ambapo mtendaji, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka bara, hushusha bendera saa hiyohiyo. Mume wangu husimama kama wengine mpaka amalize kuikunja, kisha huendelea na safari yake. Mwaka huu watu wamekuja tena kumwomba agombee. Amewaambia atafikiri. Mimi sijasema ndiyo wala hapana, na yeye hajaniuliza. Jua likianza kuzama nakiacha chochote ninachokifanya, nakwenda kusimama mlangoni, nasikiliza njia, mpaka nimwone anarudi.